Kulifuata Jua Mpaka Luxor

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitaigusa dunia katika Bahari ya Atlantiki. Kitapita Mlango wa Gibraltar, kiambae kaskazini mwa Afrika kupitia Moroko, Aljeria, Tunisia na Libya, kiikate Misri, kivuke Bahari ya Shamu hadi Jeddah na Makka, kisha kipite Yemen na ncha ya Somalia kabla ya kupotelea Bahari ya Hindi. Karibu na Luxor, kusini mwa Misri, jua litafichika kabisa kwa dakika 6 na sekunde 23. Kupatwa kikamilifu kwa jua kwa muda mrefu kuliko huo hakutatokea tena hadi mwaka 2114. Wengi wetu tunaosoma leo hatutakuwepo.

Mahali popote ulipo, ukikaa na kungoja kupatwa kikamilifu kuje mlangoni kwako, kwa wastani utangoja miaka kama 375. Tarehe 16 Februari 1980 kivuli kilipita Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya, na wengi wa walioshuhudia siku ile sasa ni wazee. Ndiyo maana watu husafiri. Safari hii inatufaa sisi wa Afrika Mashariki kuliko nyingi zilizotangulia: Luxor ni mji unaofikika kwa ndege mbili, una hoteli na hospitali, na mbingu yake mwezi wa Agosti karibu haina wingu. Mara nyingi kivuli huangukia bahari kuu au barafu ya Antaktika.

Shauri langu la kwanza, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, ni kwamba ukiamua kwenda, nenda mpaka ndani ya ukanda wa kivuli. Usiishie karibu. Cairo iko nje ya ukanda. Atakayebaki Cairo ataona jua limemegwa sehemu kubwa, naye atajihesabu kuwa ameona kupatwa kwa jua. Hajaona. Kinachowavuta watu kuvuka mabara ni korona, ule mng'ao mweupe unaolizunguka jua, ambao siku zote upo ila hauonekani. Mwanga wa korona ni kama sehemu moja ya milioni ya mwanga wa jua. Kwa hiyo likibaki wazi hata asilimia moja tu ya jua, hiyo asilimia moja ina mwanga mara elfu kumi ya ule wa korona, na korona haitaonekana. Mchana utabaki mchana, umefifia kidogo tu. Kati ya asilimia 99 na 100 hakuna tofauti ya asilimia moja. Ni mambo mawili yasiyofanana. Ukiwa umeshalipa nauli ya kufika Cairo, lipa na ya kufika Luxor.

Karibu na Luxor ukanda una upana wa kilomita kama 258. Ukisimama pembezoni mwake utapata sekunde tu; ukisogea kuelekea mstari wa kati, muda huongezeka haraka, halafu kasi ya kuongezeka hupungua. Nukta yenye muda mrefu kabisa iko jangwani, kusini-mashariki mwa Luxor. Usihangaike kuitafuta. Mjini Luxor penyewe utapata dakika 6 na sekunde 20 hivi, na hizo sekunde chache zilizopungua hazistahili kukupeleka jangwani bila kivuli wala maji.

Kuhusu mbingu, tujifunze kwa yaliyotokea kwetu. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli kilipita Uganda na kaskazini mwa Kenya. Huko Pakwach, Uganda, watu waliona vizuri, ingawa giza halikufika nusu dakika. Waliosafiri mwendo mrefu mpaka kando ya Ziwa Turkana waliharibiwa safari na dhoruba ya mchanga iliyozuka muda mfupi kabla. Kupatwa kulikuwa kulekule, siku ileile. Kwa hiyo unapochagua mahali, tanguliza hali ya hewa, halafu urefu wa muda, na uzuri wa mandhari uwe wa mwisho. Kwa kipimo hicho Luxor inashinda. Tangier, Moroko, watapata karibu dakika 5, na Málaga, Hispania, chini ya dakika 2, lakini eneo la Gibraltar lina ukungu na mawingu ya baharini. Hata hivyo, ndugu zetu walioko Ulaya ambao hawawezi kufika Misri wasilidharau. Wapange tu kuwa na gari, ili asubuhi ile waweze kulikimbia wingu.

Jeddah nako muda utakaribia dakika 6, na Makka kama dakika 5, kati ya saa saba na robo na saa saba na nusu mchana. Madina iko nje ya ukanda. Najua wengi, hasa wa Pwani, Zanzibar na walioko Oman na Ghuba, watawaza kuunganisha siku hiyo na umra. Ni nia njema, ila inataka uamuzi wa mapema. Sala ya kupatwa kwa jua ni sunna iliyotiliwa mkazo, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja, na husaliwa kwa utulivu na kwa kisomo kirefu. Anayesali hatazami juu. Wakati wake huanza jua linapoanza kumegwa na huendelea mpaka linapokuwa zima tena, zaidi ya saa mbili na nusu kwa jumla, lakini jamaa wanaweza kuwa wamesimama kwenye sala hasa giza linapoingia. Muulize imamu au sheikh wako kabla ya kuondoka nyumbani, uende ukijua utakuwa wapi na unafanya nini. Na ikiwa kuna mtu nyumbani bado anahusisha kupatwa kwa jua na kifo cha mkubwa au balaa linalokuja, mkumbushe kwamba Mtume (S.A.W.) alilikanusha jambo hilo siku aliyofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipopatwa na watu wakaanza kusema.

Kwa mwenye kuhesabu miezi ya Kiislamu, tarehe hii haishangazi. Kupatwa kwa jua hutokea mwezi unapokuwa umekufa tu, yaani siku zile mwezi mpya unapongojwa kuandama. Agosti 2 itaangukia mwishoni mwa Safar, na siku mbili tatu baadaye mfungo sita utaingia.

Sasa safari. EgyptAir huruka kutoka Nairobi na Dar es Salaam hadi Cairo, na kutoka Cairo ziko ndege za ndani hadi Luxor. Ziko pia treni za usiku kutoka Cairo, mwendo wa kilomita 670 hivi, saa kumi au zaidi. Mimi ningechukua ndege wakati wa kwenda na treni wakati wa kurudi, kwa sababu kuchelewa ukiwa unarudi kunaudhi tu, ila kuchelewa ukiwa unakwenda kunakupotezea kila kitu. Fika Luxor siku mbili kabla, isiwe asubuhi ya siku yenyewe.

Malazi ndiyo yatakayokuwa taabu. Watu wa Ulaya na Marekani wanaofuata kupatwa kwa jua duniani kote hulipia vyumba miaka kadhaa kabla, na hoteli kubwa za Luxor na meli za Mto Nile zinawalenga hao. Tafuta nyumba ndogo za wageni upande wa magharibi wa mto, ambako bei huwa nafuu. Luxor ikijaa, miji ya Sohag, Qena, Esna na Edfu nayo imo ndani ya ukanda. Popote utakapopata, omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe na bei, na uliza moja kwa moja ikiwa mwenye nyumba anajua siku hiyo ni siku gani. Asiyejua leo atajua kesho, na akijua bei itapanda. Ni heri mzungumze mapema na mkubaliane.

Ulizia viza katika ubalozi wa Misri ulio karibu nawe, kwa kuwa masharti hutofautiana kwa pasipoti na hubadilika. Beba kadi ya manjano. Misri hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo. Saa yako huna haja ya kuibadili: Misri ikiwa kwenye saa zake za kiangazi, inakwenda sawa na Kenya, Uganda na Tanzania.

Joto lisichukuliwe kwa mzaha. Luxor mwezi wa Agosti hufika nyuzi 40 na kupita, na giza kuu litaingia saa saba mchana, wakati jua liko karibu utosini. Jua litaanza kumegwa kiasi cha saa moja na dakika ishirini kabla, na hapo ndipo watu huumia: wanasimama juani muda wote huo wakisahau kunywa maji. Mtu wa Mombasa au Dar anajua joto la unyevu linalomtoa jasho mpaka nguo ikalowa. Kule Luxor hewa ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, na unaishiwa maji bila dalili uliyoizoea. Weka akiba ya lita tatu kwa kila mtu kwa siku hiyo, na pakiti za chumvi na sukari zile wanazopewa watoto wanaoharisha. Kofia pana au kilemba, nguo ya pamba yenye mikono mirefu. Mwenye mtoto mdogo, mzee au mgonjwa wa presha amweke kivulini mpaka zibaki dakika kumi.

Jua likiwa utosini, kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Kutazama juu wima kwa dakika sita ukiwa umesimama kunauma shingo na kuleta kizunguzungu. Beba mkeka na mto mdogo, ulale chali. Na mahali pa kuutandika mkeka huo, kwa maoni yangu, ni juu ya paa la nyumba. Nyumba nyingi za Luxor zina mapaa bapa, na za wageni mara nyingi zina kibanda cha kivuli huko juu. Ukiwa juu ya paa unaona upeo wa macho pande zote nne, jambo ambalo Bonde la Wafalme, lililozingirwa na kuta za miamba, haliwezi kukupa. Mahekalu ya Karnak na Luxor yatafurika watu. Yatembelee jana yake alfajiri.

Macho sasa, na hapa naomba usome taratibu. Wakati wowote sehemu ya jua ikiwa wazi, hata kama imebaki kama uzi, mwanga wake unaweza kuunguza retina, na retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Mtu huungua bila kujua, kisha baada ya saa kadhaa anaona doa katikati ya kila anachokitazama, na doa hilo huenda lisiondoke. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya kiwango ISO 12312-2, au kioo cha kuchomelea vyuma namba 14. Miwani ya jua ya kawaida haifai hata ukivaa miwili pamoja. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, kaseti ya zamani na CD, vyote visahau. Hata lile beseni la maji ambalo wengi tulifundishwa utotoni halilindi vya kutosha.

Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayeaminika na uijaribu miwani nyumbani. Ivae ndani ya chumba chenye taa: hutakiwi kuona chochote, isipokuwa labda taa yenye nguvu sana kwa mbali, nayo imefifia. Toka nje ulitazame jua kwa sekunde moja: litaonekana kama duara dogo safi, lisiloumiza jicho, na pembeni yake giza tupu. Ukiona miti au nyumba kupitia miwani hiyo, itupe. Yenye mkwaruzo au tundu, itupe pia. Nunua ya ziada, maana utakutana na watoto wa Luxor wasio nayo.

Usitazame kupitia darubini ukiwa umevaa miwani hiyo. Darubini hukusanya mwanga na kuupitisha ukiwa mkali mno, na utaitoboa miwani kisha jicho. Filta ya darubini na ya kamera hufungwa mbele, upande unaolielekea jua, kamwe si upande wa jicho.

Wakati jua linaendelea kumegwa, tazama chini pia. Ukipata mti wenye majani mengi, angalia vidoa vya mwanga vinavyopenya na kuanguka ardhini. Siku zote ni vya mviringo, na hatuvijali. Siku hiyo kila kidoa kitakuwa hilali, mamia ya hilali ukutani na mchangani, zote zimeelekea upande mmoja. Kila upenyo kati ya majani hufanya kazi ya tundu la sindano na kuchora picha ya jua. Chekecheke la jikoni hufanya vivyo hivyo, na ndiyo njia salama kuliko zote ya kuwaonyesha watoto, kwa kuwa wanalipa jua mgongo.

Dakika kumi za mwisho mambo huenda mbio. Mwanga hugeuka rangi ya ajabu, si wa jioni wala wa mawingu, na vivuli huwa na kingo kali mpaka unaona kivuli cha unywele mmoja mmoja kwenye mkono wako. Joto hushuka. Tandaza shuka jeupe kando ya mkeka: dakika moja au mbili kabla ya giza huenda ukaona juu yake mistari ya vivuli vyembamba inayotembea kama maji ya kina kifupi. Si kila mara huonekana, lakini shuka halina uzito. Ukiwa juu ya paa, tupa jicho kaskazini-magharibi. Huko ndiko kivuli kitakakotokea, nacho hufika kwa kasi kubwa kuliko ndege ya abiria.

Kisha mwangaza wa mwisho hukatika vipandevipande kama shanga pembezoni mwa mwezi, jua likipenya mabondeni kati ya milima ya mwezi. Hubaki shanga moja, kali, na pete nyembamba imeanza kuonekana. Ikizimika hiyo, na ukivaa miwani huoni kitu kabisa, vua miwani. Hapa watu wengi waliotahadharishwa sana hukosa, wakabaki na miwani dakika zote wakitazama giza. Katika kupatwa kikamilifu, na hapo tu, ni salama kutazama kwa macho matupu, na ni lazima, maana korona haionekani kwa miwani. Tazama miale yake inavyotawanyika. Tafuta ndimi ndogo za rangi ya waridi pembezoni mwa duara jeusi. Kisha geuza macho uutazame upeo: pande zote kutakuwa na wekundu wa magharibi, kuuzunguka mji mzima. Sikiliza mbwa, ndege na watu.

Ukiwa Luxor, weka kengele ya simu ilie dakika 5 na nusu tangu giza liingie. Ikilia, shika miwani mkononi. Upande wa pili wa mwezi utaanza kung'aa, halafu mwanga utachomoza kwa ghafla. Hapohapo vaa miwani. Usingoje kuona zaidi. Mtoto uliyempakata umvishe wewe mwenyewe kabla ya kujivisha.

Kuhusu picha, nasema kwa moyo wote: kama hii ni mara yako ya kwanza, usipige. Wapo mamia watakaopiga kwa mitambo mizuri kuliko yako, na picha zao utazipata jioni ileile. Ukitaka kumbukumbu yako, iegemeze simu kivulini ikiwa imewaelekea watu wako, iwashe irekodi video dakika tano kabla, uiache. Sauti zao na nyuso zao ndivyo usivyoweza kuvipata kwa mtu mwingine. Simu iliyoachwa juani kwa joto lile huzima yenyewe.

Baada ya giza watu hutaka kuondoka wote kwa pamoja. Marekani mwaka 2017 magari yalikwama barabarani kwa saa nyingi baada ya jua kurudi. Usikate tiketi ya ndege ya jioni hiyo. Lala Luxor usiku mmoja au miwili zaidi, ukatembelee Bonde la Wafalme kesho yake foleni zikiwa zimepungua.

Watakaobaki Nairobi, Dar es Salaam au Kigali wataona jua limemegwa kipande, kama mawingu yataruhusu, na miwani ni ya lazima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watakaokosa mwaka 2027 kwa sababu ya fedha wana nafasi nyingine barani: tarehe 25 Novemba 2030 kupatwa kikamilifu kutapita Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Na tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kipete, kama kule kulikoonekana Rujewa, Mbeya, Septemba 2016, kutapita tena Tanzania. Kipete ni kizuri, lakini usifanye kosa la kukilinganisha na kupatwa kikamilifu: pete ya jua hubaki wazi muda wote, korona haionekani, na miwani haivuliwi hata sekunde moja.